Ncha za misokoto hazilingani: tafuta chanzo kabla ya kushika mkasi

Lalamiko huja kwa maneno mengi lakini picha ni ile ile. Mtu anakuza nywele zake za asili, amezisokota vizuri, anasimama mbele ya kioo, anaona misokoto ya kulia imefika shingoni na ya kushoto imeishia kwenye ndewe ya sikio. Mkono unatafuta mkasi. Anapunguza kulia, anagusa kushoto kidogo "kusawazisha", anarudi kulia tena, na baada ya nusu saa miezi minne ya kukuza nywele iko sakafuni.

Mimi kazi yangu ni kukaa nyuma ya vichwa vya watu, na mara nyingi ncha zilizokatwa hivyo hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye njia zilizogawanywa ovyo, au kwenye mkunjo wa nywele, au kwenye mto, na mara chache kwenye ngozi ya kichwa chenyewe. Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea zaidi, kwa hiyo usikimbilie ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayotisha.

## Kipimo cha kuanzia, kwa dalili zote

Usipime nywele zilizojikunja. Ziosheni, zikauke kabisa, zisiwe na jeli, kisha chagua misokoto sita: chini ya kisogo, katikati ya kichwa kwa nyuma, utosini, juu ya paji la uso, na juu ya kila sikio. Vuta kila mmoja taratibu kwa vidole mpaka unyooke, weka futi ya kushonea kwenye mzizi, soma sentimita, andika. Kama uko peke yako, mwombe mtu akusomee ya nyuma. Kukadiria kwa kupapasa ndiko kulikotufikisha hapa.

Sababu ya kuvuta ni hii. Nywele za mikunjo midogo zinaweza kuficha nusu ya urefu wake, nyingine hata zaidi, na kichwa kimoja hubeba mikunjo ya namna mbili au tatu. Msokoto wa sentimita 20 ukijikunja nusu, kiooni unaona 10. Jirani yake wenye 20 zile zile ukijikunja robo tu, unaona 15. Kioo kinakuonyesha tofauti ya sentimita 5, futi inasema sifuri. Ukizikata hizo 5 umetengeneza tatizo ambalo halikuwepo.

Tofauti ya chini ya sentimita 2 baada ya kuvuta, iache. Kila unywele una umri wake: huota kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, na mwingine huanza mahali pale pale. Hakuna kichwa ambacho nywele zote zilianza kuota siku moja.

Hifadhi hiyo karatasi. Utaihitaji tena miezi mitatu baadaye, na ndiyo itakayokuambia ukweli pale macho yatakapokuwa yanabishana.

## Misokoto haitoshani, lakini ncha zake ni nzima

Ukifumua ncha na kuitazama, ni nene, haijapasuka, haina ukungu wa vinywele vifupi vilivyosimama. Ila misokoto haifikii mahali pamoja.

Mikunjo tofauti. Hii ndiyo sababu kubwa. Futi imeshakuambia: ikiwa vipimo sita vinakaribiana, hakuna cha kukata. Dawa yake ni kuvuta nywele kabla ya kusokota. Zigawe mafungu zikiwa na unyevu kidogo, zifunge kwa uzi kutoka mzizini hadi karibu na ncha, ziache zikauke, kisha fungua uzi na usokote. Misokoto itashuka, na itashuka kwa usawa zaidi kuliko ulivyozoea. Sehemu inayojikunja sana, ambayo kwa wengi ni kisogoni au utosini, iache kwenye uzi muda mrefu kidogo.

Njia na mkono. Kamba iliyozungushwa mara nyingi ni fupi kuliko kamba ile ile iliyozungushwa mara chache. Wengi wetu husokota kwa nguvu upande wa mkono tuliouzoea na kwa ulegevu upande ule ambao mkono umechoka. Chukua msokoto mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, hesabu mizunguko kwenye sentimita 10. Kama mmoja una 12 na mwingine 7, umeshapata mwizi wako. Tazama pia ukubwa wa mafungu: msokoto mnene kando ya mwembamba hautakaa sawa nao hata nywele zikiwa na urefu mmoja.

Mkato wa zamani. Kama ulianza kukuza nywele kutoka kwenye mtindo uliokuwa mfupi kisogoni na pembeni, bado unautembeza huo mkato kichwani. Hapa futi itaonyesha tofauti ya kweli, na una njia tatu.

Tuseme juu una sentimita 18 na kisogoni 12. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Zile za mikunjo midogo mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Njia ya kwanza, unashusha zote kwenye 12 leo. Baada ya mwaka una 24 kote. Njia ya pili, unapunguza juu sentimita 1.5 kila miezi mitatu na kisogo hukigusi. Baada ya mwaka juu ni 18 ongeza 12 toa 6, yaani 24; kisogo ni 12 ongeza 12, yaani 24. Umefika pale pale! Watu hushangaa hesabu hii, lakini upande mfupi ndio unaoamua, na mkasi hauuongezei kasi hata milimita. Tofauti ya njia hizi mbili ni jinsi utakavyoonekana katikati ya safari. Njia ya tatu ni kutosawazisha kabisa na kuvaa misokoto kwa ngazi, mifupi nyuma na mirefu mbele au juu. Mimi huipendekeza hii ya tatu kwa yeyote asiye na haraka, maana umbo la ngazi linakaa vizuri kwenye misokoto kuliko mstari ulionyooka, ambao ukijikunja hugeuka kuwa pembetatu.

## Juu mnene, chini mkia wa panya

Msokoto unaanza vizuri mzizini, lakini sentimita 3 hadi 5 za mwisho ni uzi tu, na unafumuka wenyewe hata ukiuzungusha kidoleni.

Fumua sehemu hiyo ya mwisho, ichanue kwa vidole, iweke mbele ya kitambaa cha rangi inayopingana na nywele zako. Tafuta mahali ambapo kitambaa kinaanza kuonekana katikati ya nywele. Huo ndio mpaka wako.

Chanzo cha kawaida ni ncha zilizopasuka na kukatika kidogo kidogo. Ncha ndiyo sehemu yenye umri mkubwa kuliko zote kwenye unywele. Nywele za sentimita 24 zina miaka miwili au zaidi ya kuoshwa na kuchanwa pale mwishoni, na magamba yanayoufunika unywele yameshalika. Unywele ukishapasuka hakuna mafuta wala krimu itakayouunganisha. Inaweza kuugandisha kwa siku mbili tatu, basi, na mpasuko ukiachwa unapanda juu.

Cha pili ni masalio ya dawa au joto. Lowesha ncha kwa maji matupu. Nywele zako zikijikunja mzizini lakini mwishoni zinabaki zimenyooka kama uzi wa kushonea, hizo si ncha mbovu za kawaida. Ni nywele zilizobadilishwa na dawa ya kunyoosha, au zilizoungua kwa pasi, na hazitarudi. Pale nywele mpya inapokutana na ya zamani ndipo dhaifu kuliko mahali pengine popote, na ndipo zinapokatikia ukichana kwa pupa. Ukipunguza sentimita 2 kila miezi miwili, urefu unaouona hautabadilika, lakini ya zamani inaisha.

Mara chache zaidi, kosa ni la usokotaji tu: vishungi viwili, yaani yale mafungu mawili ya nywele yanayozungushana kufanya msokoto, havikuwa sawa, kimoja kilikuwa kinene na kirefu, kingine kikaisha njiani, na kile kilichobaki kikawa mkia. Fumua, gawa upya, sokota. Ikiwa mkia umetoweka, rudisha mkasi kabatini.

### Namna ya kupunguza

Mkasi uwe wa nywele, mkali, usiowahi kukata karatasi wala uzi. Mkasi butu haukati unywele, unauponda, na ncha iliyopondwa itapasuka tena kabla ya mwezi kwisha. Hili ni jambo dogo linaloharibu kazi kubwa.

Nywele ziwe safi, zimekauka, na zimevutwa kwa uzi au kwa misokoto ya siku mbili tatu. Usikate zikiwa zimelowa. Zikiwa na maji huvutika chini ya vidole kuliko kawaida, na zikikauka zinapanda, kila sehemu kwa kiasi chake.

Gawa kichwa robo nne, bana robo tatu. Kwenye robo iliyobaki, chukua msokoto mmoja, fumua sentimita 4 za mwisho, uzichanue ili vishungi viwili vining'inie pamoja. Hatua hii wengi huiruka. Ukikata msokoto ukiwa bado umezungushwa, vishungi vinapishana pale mkasi unapopita, na kimoja hutoka kifupi kuliko kingine; ukifumua unaona ngazi ndogo kwenye kila msokoto na unadhani hukukata vya kutosha. Shika kwa vidole viwili juu kidogo ya mpaka ulioupata, kata milimita 5 hadi 10 kwa mkato mmoja, sokota tena, nenda mwingine. Kama mpaka uko juu zaidi ya sentimita 2, usimalize leo. Kata nusu, subiri wiki mbili uone misokoto inavyokaa, kisha amua.

Ukimaliza robo moja, simama. Kunywa maji. Tazama kwa kioo cha nyuma. Makosa makubwa niliyowahi kuyafanya mkononi mwangu, kwenye nywele zangu mwenyewe, yalitokea nilipokuwa nawahi kumaliza upande wa pili kabla giza halijaingia.

Kwa ambaye ncha zake ni nzuri ila kuna moja moja zilizopasuka, kuna kazi ya subira: keti kwenye mwanga mzuri, fumua msokoto mmoja mmoja, tafuta unywele wenye ncha mbili au wenye kidoa cheupe, ukate nusu sentimita juu ya kasoro. Utatumia jioni nzima na hutapoteza urefu.

## Vifundo vidogo mwishoni

Unapitisha vidole na unahisi chembe kama mchanga. Ni unywele mmoja uliojifunga wenyewe. Nywele zinazojikunja sana hufanya hivyo zikiachwa huru zikauke, na hasa zikikaa nje ya misokoto siku kadhaa. Fundo moja likiwa bado bichi linaweza kufunguliwa kwa pini, nywele ikiwa na kondishena. Likishakaza, kata juu yake tu. Usilivute lipite, kwa kuwa litaondoka na majirani zake. Yakiwa mengi kwenye karibu kila msokoto, hiyo ni ishara kwamba sentimita 1 ya mwisho imechoka na inastahili kuondoka yote. Kisha zisokote nywele tena siku ile ile unayoziosha, na mwisho wa kila msokoto uuzungushe kidoleni ili usibaki brashi.

Kidoa cheupe kwenye unywele ni kitu kingine. Ukikivuta unywele unakatikia pale pale. Hapo unywele umevunjika ndani bila kupasuka mwishoni, na chanzo huwa joto, dawa, au kuchana kwa nguvu. Kata juu ya kidoa, lakini kama vidoa havipungui baada ya miezi miwili ya kuacha pasi na chanuo la meno membamba, usiendelee kukata. Onyesha daktari wa ngozi.

## Upande mmoja hukatika kila mara

Futi imesema kushoto ni pungufu sentimita 3, mwaka jana hazikuwa pungufu, na hukukata. Basi kuna kitu kinazikata kwa niaba yako.

Uliza upande unaolalia. Foronya ya pamba husugua na kunyonya mafuta, kwa muda wa saa saba kila usiku. Kofia ya kulalia ya satini, au foronya ya satini kama kofia hukutoka kichwani, huondoa sababu hii, na matokeo utayaona kwenye futi baada ya miezi mitatu, si kiooni baada ya wiki. Kisha tazama mkoba na mkanda wa gari: bega unaloning'iniza mkoba ndilo linalobana misokoto mirefu kila unapogeuka. Kisogoni, kola na skafu ya sufu hufanya kazi hiyo hiyo. Halafu mkono wako. Watu wengi huchana upande mmoja kwa ustadi na mwingine kwa pembe mbaya, kutoka mzizini kushuka, wakibeba mafundo yote mpaka mwisho. Anza kuchana ncha, panda juu kidogo kidogo, na upande wa shida uuchane kwanza kabla mkono haujachoka.

Sababu ikishaondolewa, kata zile zilizopasuka tu na uache upande huo upumue. Ukiusawazisha wa pili nao kabla ya kuondoa sababu, miezi sita ijayo utarudi hapa hapa ukiwa na nywele fupi pande mbili.

## Utosini pamefupika

Dalili hii naichukulia kwa uzito kuliko zote, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Sababu nyepesi ni nyingi. Utosi hupata jua, na watu husahau kupaka kondishena pale wakidhani imeshuka yenyewe. Wengine hufunga misokoto yote juu kwa mpira ule ule, mahali pale pale, kila siku. Angalia kama nywele zilizokatika zinafuata mstari wa mpira. Kama ndiyo, badilisha mahali na utumie kitambaa badala ya mpira, kisha pima tena baada ya miezi mitatu.

Lakini kuna upotevu wa nywele unaoanzia utosini na kusambaa kuelekea nje kwa mduara, unaoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, ambao mwanzoni mwake unaweza kufanana kabisa na kukatika kwa kawaida. Baadhi hawahisi chochote. Wengine huhisi kuwasha, kuungua au maumivu wakigusa. Vinyweleo huziba kwa kovu, na vikishaziba nywele haioti tena hapo. Matibabu ya mapema huweza kuuzuia usisambae.

Acha mkasi na umwone daktari wa ngozi ikiwa utosini panauma au kuwasha bila mba wa kuonekana, ikiwa ngozi inang'aa na matundu ya nywele hayaonekani, au ikiwa njia unayoigawa katikati inazidi kuwa pana mwezi hadi mwezi. Piga picha ya utosi kwenye mwanga ule ule kila mwezi. Daktari ataifurahia kuliko maelezo yako.

## Pembeni na mbele hapakui

Kwenye panja na kando ya paji la uso nywele ni nyembamba kwa asili, kwa hiyo kwanza tazama picha zako za zamani kabla ya kuhuzunika. Kama palikuwa pamejaa na sasa pamepungua, chanzo cha kawaida ni kuvutwa: misokoto iliyobanwa tangu mzizini, nyongeza nzito, mkia uliokazwa kurudi nyuma. Vipele vidogo kando ya mstari wa nywele baada ya kusuka ni onyo kwamba umevutwa mno, na maumivu yanayokufanya ulale kifudifudi si "kawaida ya msuko mpya". Legeza siku hiyo hiyo. Nywele zilizovutwa kwa muda mfupi hurudi; zilizovutwa kwa miaka huenda zisirudi.

Hakuna cha kupunguza hapa. Nywele hizo fupi zisiingizwe kwa nguvu kwenye msokoto, ziache nje. Miezi sita ya kuziacha huru bila mabadiliko, nenda kwa daktari.

## Nimekata, na sasa ni mbaya zaidi

Pole. Usikate tena leo.

Mara nyingi ulikata zikiwa zimelowa, au zimejikunja, au ulikata msokoto bila kuufumua, na sasa unaona ngazi. Zioshe, zivute kwa uzi, zikauke, pima sehemu sita. Nusu ya watu wanaonijia na kilio hiki hugundua tofauti ya kweli ni sentimita 1 au 2, na msokoto mpya unaificha. Ikiwa ni zaidi ya 4, sokota kwa njia za mshazari badala ya zilizonyooka, ili misokoto mifupi ilale chini ya mirefu, na usishike mkasi kwa wiki sita. Baada ya hapo mpe mtu mwingine aushike. Mtu aliyekata vibaya upande mmoja hana jicho tulivu la kukata wa pili, nami simo nje ya kundi hilo.

## Napunguza kila mara, urefu hauongezeki

Chukua karatasi yako ya vipimo. Kama unapunguza sentimita 1 kila mwezi, umeshajijibu: unakata kile kinachoota. Kwa nywele zinazokaa ndani ya misokoto na hazipigwi pasi, kupunguza kila miezi 3 hadi 4 kunawatosha wengi, na ambaye ncha zake hazipasuki anaweza kukaa zaidi. Kukata ncha hakuotishi nywele haraka. Mzizi uko ndani ya ngozi na hauna habari na mkasi.

Kama hupunguzi mara kwa mara na bado urefu umesimama, angalia zinazotoka. Kusanya nywele za siku ya kufumua na uzitazame moja moja. Zenye kidoa cheupe kama kichwa cha kiberiti kwenye mwisho mmoja, si kile cha kuvunjikia nilichokitaja juu, zimedondoka kutoka mzizini. Zisizo nacho zimekatika. Usiogope wingi wa zilizodondoka. Kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na misokoto huzishikilia, kwa hiyo ukifumua baada ya siku 14 unaweza kukuta kati ya 700 na 1,400 kwa mkupuo. Ni bonge la kutisha na ni la kawaida.

Vipande vifupi visivyo na kidoa vikiwa vingi, rudi kwenye mkasi butu, kuchana kwa nguvu, joto na msuguano. Zenye kidoa zikizidi ghafla kuliko mazoea yako, kumbuka kilichotokea miezi miwili hadi minne nyuma: kujifungua, homa kali, upasuaji, kujinyima chakula. Upungufu wa aina hiyo hutulia wenyewe kwa wengi ndani ya miezi 6 hivi. Usipotulia, au ukiandamana na uchovu, moyo kwenda mbio, au kubadilika uzito bila sababu, omba vipimo vya damu, ikiwemo madini ya chuma na tezi ya shingo.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri wiki sita wala futi: viraka vya mviringo vilivyo laini bila nywele, usaha, magamba yanayoambatana na nywele zilizokatika usawa wa ngozi. Hilo la mwisho kwa mtoto mara nyingi ni mapunye, ambayo huhitaji dawa ya kumeza iliyoandikwa na mhudumu wa afya, kwani ya kupaka peke yake kwa kawaida haifiki ndani ya unywele. Chanuo, mkasi na kofia visiazimwe mpaka apone.

## Ukiamua kumpa msusi

Nenda na misokoto iliyovutwa, si iliyofumuliwa asubuhi hiyo. Nenda na karatasi. Usiseme "punguza kidogo", kwa sababu kidogo cha mwenye mkasi na kidogo cha mwenye nywele havijawahi kuwa kimoja. Sema "milimita 5 mbele, sentimita 1 na nusu utosini, kisogo usiguse", muombe akate msokoto mmoja kwanza, na aweke kile alichokikata kwenye kiganja chako kabla ya kuendelea na wa pili.